Maji ya Kisima Yanatoka Wapi? Somo kwa Familia Zilizohama na Viongozi Wao



Katika vijiji tunavyotembelea, ugomvi kati ya wahamishwa na wenyeji mara nyingi huanzia kwenye kisima. Bidoni zinapangwa toka alfajiri, maji yanapungua, mtu mmoja anasema neno baya, na kabla ya jua kuwa kali kuna mama amerudi nyumbani bila maji na kijana amepigwa. Kila upande unakuwa na maelezo yake. Mara nyingi pande zote mbili hazijui maji yale yanatoka wapi.

Somo hili ni kuhusu jambo hilo. Maji yaliyo chini ya ardhi yana mahali yanapoingilia, yana njia yanayopita, na yana mahali yanapotokea. Hatuioni njia hiyo kwa macho, lakini inaweza kujulikana. Tumeona kwamba watu wakiitafuta pamoja, maneno ya kushutumiana hupungua.

UGOMVI WA PAMPU MOJA

Bonde la Ruzizi, katika Kivu ya Kusini, hupata mvua kidogo kuliko milima iliyo magharibi yake. Toka mwezi wa sita hadi wa tisa mvua hukatika karibu kabisa. Vijito vidogo vinavyoshuka milimani huwa mchanga mtupu katika sehemu nyingi za bonde.

Katika kijiji kimoja cha bonde hilo, familia zilizohama zilipewa kiwanja karibu na kijito cha namna hiyo. Wenyeji walikuwa na kisima cha pampu, umbali mfupi kutoka hapo. Kiangazi kilipofika, pampu ilianza kutoa hewa saa nne asubuhi. Wenyeji walisema: "Hawa wageni wametumalizia maji." Wahamishwa walisema: "Hapana, wenyeji wanafunga pampu kwa kufuli usiku ili wachote peke yao." Kisha watoto wakaanza kuharisha, na neno la sumu likaanza kutajwa. Hapo shefu wa lokalite akatuita, kwa sababu neno la sumu linaweza kuua watu hata kama sumu yenyewe haipo.

Nitarudi kwenye kisima hicho baadaye. Kwanza tuangalie maji yanakaaje chini ya ardhi.

MAJI HUKAAJE CHINI YA ARDHI

Watu wengi hufikiri kwamba chini yetu kuna ziwa au mto uliofichwa, na kwamba kisima ni tundu la kufikia ziwa hilo. Mahali pachache penye mawe ya chokaa kuna mapango yenye mito kweli. Lakini mahali pengi maji hukaa katika nafasi ndogo kati ya chembe za mchanga, au katika nyufa za mwamba uliooza. Jaza ndoo kwa mchanga mkavu, kisha mimina maji. Yataingia na kujaa kuanzia chini, ingawa ndoo ilionekana imejaa tayari. Ukichimba tundu dogo katikati ya mchanga ule, maji yatakusanyika ndani yake. Hicho ndicho kisima.

Maji hayo hayakai tuli. Yanatembea polepole, kutoka pale usawa wake ulipo juu kwenda pale ulipo chini. Katika mchanga yanaweza kwenda sentimeta chache kwa siku, au mita moja na zaidi kama mchanga ni wa chembe kubwa. Katika udongo wa mfinyanzi yanakaribia kusimama. Waswahili husema maji hufuata mkondo, na chini ya ardhi ni vilevile. Shida ni kwamba mkondo wa chini si lazima ufanane na mteremko wa ardhi tunaoukanyaga.

MAKUTAPORA: MAHALI PALIPOPIMWA KWA MIAKA MINGI

Mfano mzuri wa kufuata njia ya maji katika nchi kame uko Tanzania, katika bonde la Makutapora, kaskazini ya mji wa Dodoma. Mji huo, ambao ni makao makuu ya nchi, umekunywa maji ya visima virefu vya bonde hilo kwa miongo mingi. Mvua ya Dodoma ni kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nayo hunyesha katika msimu mmoja tu. Jua linaweza kukausha maji mengi zaidi ya hayo kwa mwaka. Je, maji ya visima yanatoka wapi?

Jibu lilipatikana kwa sababu watu walikuwa na subira ya kupima. Toka miaka ya 1950 wafanyakazi wa maji walikuwa wakishusha kipimo katika visima na kuandika kina. Mwaka 2013 watafiti walitangaza matokeo ya vipimo vya miaka 55. Walionyesha kwamba katika misimu mingi mvua haiongezi karibu chochote chini ya ardhi. Udongo hunywa, miti hunywa, jua hukausha, kisha basi. Usawa wa maji hushuka mwaka hadi mwaka. Halafu unakuja msimu wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, na maji ya chini hupanda kwa mara moja. Msimu wa 1997–1998, wakati wa El Niño, ndio uliojaza kuliko yote katika kumbukumbu hizo.

Utafiti uliofuata, uliotangazwa mwaka 2021, ulionyesha pia mahali maji yanapoingilia. Sehemu kubwa haiingii kwa mvua kunyesha juu ya kila shamba. Inaingia kupitia mchanga wa vijito vya msimu, vile ambavyo kwa miezi mingi ni njia kavu ya ng'ombe na watoto. Kijito kikitiririka siku nyingi, maji mengi huzama. Kikitiririka siku chache, huzama kidogo.

Hapo kuna mafundisho mawili kwa ajili yetu. La kwanza: usawa wa maji unaweza kushuka kwa miaka kadhaa bila mtu yeyote kuwa na kosa, kwa sababu mvua kubwa haijaja. La pili: kijito kikavu si mahali pa kutupa takataka. Huenda ndicho mlango wa kisima chako.

WATAALAMU HUFUATAJE NJIA YA MAJI

Kuna njia kadhaa, na ni vizuri viongozi wazijue, ili wataalamu wakija muweze kuwauliza.

Kupima usawa. Hii ndiyo njia ya kwanza na ya bei ndogo. Nitaieleza hapa chini.

Kuonja chumvi iliyomo. Mvua huleta chumvi kidogo sana. Jua likikausha maji mengi kabla hayajazama, chumvi hubaki na kuongezeka. Wataalamu wakipima chumvi hiyo, yaani kloridi, katika mvua na katika kisima, wanaweza kukadiria ni sehemu gani ya mvua iliyofika chini.

Kuangalia uzito wa maji. Maji yote si ya uzito mmoja. Ndani yake kuna chembe chache zilizo nzito kidogo, zinazoitwa isotopu. Mvua inayonyesha juu milimani kwa kawaida ina chembe nzito chache kuliko ile ya bondeni. Maji yaliyokaa juani yana nyingi zaidi, kwa sababu nyepesi hutangulia kupaa. Kwa hiyo chupa moja ya maji ya kisima inaweza kuonyesha maabarani kama maji hayo yalianza kama mvua ya mlimani, mvua ya bondeni, au maji ya ziwa.

Kujua umri wa maji. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 yalitia hewani tritiamu nyingi, ambayo ilishuka na mvua dunia nzima. Tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Ikionekana katika kisima, maji yake, au sehemu yake, ni ya siku za karibuni. Kwa maji ya zamani sana hutumika kaboni 14, ambayo hupungua kwa nusu kwa miaka 5,730. Kuna visima ambavyo maji yake ni mvua iliyonyesha kabla ya babu zetu wote.

Kutia rangi. Mahali penye mapango na nyufa kubwa, wataalamu humwaga rangi isiyodhuru upande mmoja na kungoja ionekane upande mwingine. Tahadhari: hili lisifanyike kamwe bila ruhusa ya watu wa afya na bila kuwaelezea watu wote mbele ya macho yao. Mtu anayeonekana akimimina kitu katika maji mahali penye hofu ya sumu anahatarisha uhai wake, na wa jamaa yake yote.

JINSI TULIVYOPIMA KWA KAMBA NA MPIRA

Sasa nirudi kwenye kisima chetu. Hatukuwa na maabara. Tulikuwa na kamba yenye mafundo kila nusu mita na jiwe dogo mwishoni, meta ya fundi, na mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule ambao mafundi wa ujenzi hutumia kama nivo. Tukaunda kikundi cha watu sita: watatu wahamishwa, watatu wenyeji, na katika kila upande alikuwako mama mmoja angalau. Kabla ya kila kipimo tuliosha kamba kwa klorini mbele ya watu. Hakuna mtu aliyeshuka ndani ya kisima, kwani hewa ya chini inaweza kuua.

Kikundi kilipima asubuhi kabla ya mtu kuchota, na tena jioni, kwa wiki tano. Daftari lilikuwa mawili yanayofanana, moja kwa shefu, moja kwa rais wa komite ya wahamishwa. Kila mmoja alitia sahihi.

Wiki ya kwanza ilionyesha jambo moja. Jioni maji yalikuwa yameshuka, na asubuhi yalikuwa yamepanda tena. Kwa hiyo pampu ilipotoa hewa saa nne, maji hayakuwa yamekwisha. Kisima kilikuwa kinachotwa haraka kuliko kinavyojaza. Kufuli la usiku lilikuwa na faida yake, ingawa lilionekana kama uchoyo.

Wiki zilizofuata zilionyesha jambo la pili. Kila asubuhi usawa ulikuwa chini kidogo kuliko wiki iliyopita. Wenyeji wakasema, "Mmeona?" Lakini kikundi kilikuwa kinapima pia visima viwili vya mkono vilivyo mbali, ambako hakuna mhamishwa anayechota. Navyo vilikuwa vinashuka, karibu kwa kiasi kilekile. Mzee mmoja mwenyeji alitazama daftari kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba hata mwaka ambao wageni hawakuwapo, yeye alichota tope mwezi wa nane. Hakuna aliyembishia.

Jambo la tatu lilituumiza sisi wenyewe. Tuliposhauri mahali pa vyoo vya wahamishwa, tuliangalia mteremko wa ardhi. Ardhi ilishuka kutoka kisimani kuelekea kijitoni, kwa hiyo tulisema vyoo vijengwe kati ya kisima na kijito, "chini ya kisima." Kila mtu alikubali. Sasa angalieni hesabu hii. Tulichagua visima vitatu ambavyo havikai katika mstari mmoja. Alama yetu ilikuwa ardhi ya kisima A, karibu na kijito. Kwa mpira wa maji tulipima ardhi ya visima vingine imeinuka kiasi gani kuliko alama hiyo.

Kisima A, karibu na kijito: ardhi iko kwenye alama. Kina cha maji mita 4.0. Usawa wa maji: mita 4.0 chini ya alama.

Kisima B, cha pampu: ardhi iko mita 1.2 juu ya alama. Kina cha maji mita 6.1. Toa 1.2: usawa wa maji ni mita 4.9 chini ya alama.

Kisima C, kando: ardhi iko mita 0.5 juu ya alama. Kina cha maji mita 5.0. Toa 0.5: usawa wa maji ni mita 4.5 chini ya alama.

Ardhi inapanda kutoka A kwenda B, lakini maji ya chini yanashuka kutoka A kwenda B. Ni kama Makutapora: kijito ndicho kinacholisha kisima. Maji yanazama katika mchanga wa kijito na kutembea kuelekea pampu. Na katikati ya njia hiyo tulikuwa tumeweka vyoo.

Tulisimama mbele ya mkutano na kusema kosa ni letu. Halikuwa jambo rahisi. Baadhi ya watu walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini neno la sumu likaisha siku ile, kwa sababu sasa palikuwa na maelezo ambayo kila mtu angeweza kuyapima tena kwa kamba yake. Vijana wa pande zote mbili walichimba vyoo vipya upande mwingine, na vile vya zamani vilifukiwa. Maji ya pampu yaliendelea kutiwa klorini.

KAMBI KUBWA NA MAJI YA ZAMANI

Wengine watasema, "Hayo ni ya kisima kimoja. Je, watu wakiwa wengi sana?" Tuangalie Dadaab, mashariki ya Kenya, nchi kame kuliko yetu. Kambi zake zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992 kwa ajili ya watu 90,000. Mwaka 2011, wakati wa ukame na njaa katika Somalia, palikuwa na zaidi ya watu 400,000. Wakimbizi na wenyeji wafugaji wote hutegemea maji ya chini yanayoitwa Merti, yanayochotwa kwa visima vya zaidi ya mita mia moja.

Uchunguzi umeonyesha kwamba maji hayo yanahusiana na mto Ewaso Ng'iro, unaoanza mbali sana katika nyanda za juu za Kenya na kuishia katika kinamasi cha Lorian. Umeonyesha pia kwamba mengi ya maji hayo ni ya zamani. Maji matamu yako katikati, na pembeni kuna maji ya chumvi. Kwa hiyo swali la Dadaab si idadi ya watu peke yake. Ni pia wapi visima vimechimbwa, na vinavutwa kwa nguvu kiasi gani, ili maji ya chumvi yasisogee. Ndiyo maana kina na chumvi vinapaswa kufuatwa kwa miaka yote, na matokeo yajulikane kwa wakimbizi na wenyeji pia.

Kenya inatupa onyo jingine. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba Turkana, kaskazini-magharibi ya nchi hiyo, kuna maji mengi mno chini ya ardhi ya Lotikipi. Watu walifurahi sana. Baadaye visima vya majaribio vilionyesha maji yenye chumvi nyingi, yasiyofaa kunywewa bila kusafishwa. Kiongozi asiahidi maji kabla hayajachimbwa na kupimwa.

MAMBO YA KUFANYA KATIKA KIJIJI AU KAMBI YENU

1. Chagueni kikundi cha kupima chenye watu wa pande zote. Kipimo cha upande mmoja hakitaaminiwa na upande wa pili, hata kikiwa cha kweli.

2. Pimeni asubuhi kabla ya kuchota, siku ileile ya kila wiki, na muandike tarehe. Pimeni pia kisima kimoja kisichotumiwa sana, ili mjue kama ni kiangazi au ni uchotaji.

3. Chora ramani chini kwa fimbo, kisha kwa karatasi: visima, vijito, vyoo, makaburi, zizi, mahali pa kuoshea pikipiki. Waulizeni wazee ni kisima kipi hukauka kwanza na kipi hubaki.

4. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na sehemu ya chini ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji. Lakini umbali peke yake hautoshi. Kwanza jueni maji yanaelekea wapi, kwa visima vitatu kama tulivyoonyesha. Rudieni hesabu hiyo wakati wa masika, kwani njia inaweza kubadilika.

5. Lindeni mchanga wa kijito. Msiruhusu takataka, mafuta, wala kuchimbwa kwa mchanga karibu na visima.

6. Kisima kikijaza polepole, gawanyeni saa za kuchota na muweke masaa ya kupumzisha. Kanuni hizo zitangazwe na pande zote mbili kwa pamoja. Kufuli liwe na funguo mbili.

7. Mtu akitaja sumu, msingoje. Mjulishe mtu wa afya siku ileile, simamisheni uchotaji kwa muda, na mfungue daftari mbele ya watu.

MASWALI YA KUJADILIANA

Someni somo hili kwa sauti, kisha mjadiliane katika vikundi vidogo, wahamishwa na wenyeji wakichanganyika.

Tunafikiri maji ya kisima chetu yanatoka wapi? Kwa nini tunafikiri hivyo?

Ni shutuma gani kuhusu maji tumewahi kuzisikia hapa? Ni kipimo gani kingeonyesha kama ni za kweli?

Nani kati yetu anakumbuka miaka ya ukame kabla ya wahamishwa kufika? Visima vilikuwaje?

Kama tukigundua kwamba kosa ni la upande wetu, tutalisemaje mbele ya wengine?

Katika kijiji nilichoeleza, kikundi cha watu sita kiliendelea kupima hata baada ya sisi kuondoka. Niliporudi mwezi wa pili, mvua zilikuwa zimenyesha. Mama mmoja mhamishwa alinionyesha daftari lililochakaa: maji yalikuwa yamepanda karibu mita moja. Aliyeandika kipimo cha mwisho alikuwa mwenyeji, na aliyeshika kamba alikuwa yeye.